Rudisha Namba Nyumbani: Jinsi ya Kuripoti Data Uliyoigeuza

Kuna jedwali ambalo nimelikuta katika sura ya nne ya tasnifu nyingi, hapa kando ya Barabara ya Thika. Safu ya kwanza ina jina la kigeu, "Mauzo ya siku". Ya pili ina wastani, 3.11. Ya tatu ina mkengeuko sanifu, 0.51. Chini ya jedwali hakuna neno. Mwanafunzi amezunguka Makongeni siku kadhaa akiwahoji mama mboga, amesimama nao juani, ameandika majibu yao moja baada ya jingine. Kisha anamwambia msomaji kwamba mama mboga wa Thika huuza shilingi tatu na senti kumi na moja kwa siku.

Hakukusudia hivyo. Msimamizi alimwambia data yake haina umbo la kengele, naye akaigeuza kuwa logi jinsi alivyofundishwa. Programu ikaunda safu mpya, akaomba wastani wa safu hiyo, akabandika alichopewa. Hesabu yenyewe haina kosa. Kilichokosekana ni safari ya kurudi, yaani kuitoa namba katika lugha ya logi na kuirudisha katika shilingi, mahali ilikotoka.

Nitaeleza safari hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu vyuo vilivyopangana kwenye barabara hii ni vingi: Kenyatta pale Kahawa, Zetech mjini Ruiru, Jomo Kenyatta pale Juja, Mount Kenya mjini Thika. Kila msimu wa kuhitimu hutoa tasnifu zenye majedwali. Na data ya huku, kwa hali ilivyo, hulazimisha watu kugeuza. Mwenye nusu ekari ya kahawa yuko kata moja na kampuni ya mananasi ambayo shamba lake huwezi kulimaliza kwa macho. Mjini Ruiru, anayelipia chumba kimoja kwa mwezi yuko kilomita chache kutoka nyumba za Tatu City. Pima mapato, ekari, kodi ya nyumba au siku za kulazwa hospitalini: wengi watajazana chini, wachache watakuwa juu sana, na picha yako itakuwa na mkia mrefu upande wa kulia.

Kwanza hakikisha unahitaji kugeuza. Wanafunzi wengi hugeuza kwa sababu kigeu chao hakina umbo la kengele, ilhali katika mbinu nyingi za rigresheni kinachotakiwa kuwa na umbo hilo ni mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya kile modeli ilichokisia na kile ulichopima. Kigeu chenyewe kinaweza kuwa na mkia na modeli ikasimama sawasawa. Kwa hiyo chora mabaki kabla hujagusa data. Nimeona watu wakigeuza vigeu saba ambapo hakuna hata kimoja kilichohitaji, kisha wakahangaika kueleza majibu ambayo wao wenyewe hawayaelewi.

Ikiwa ni lazima ugeuze, kanuni yangu ni hii: jedwali la maelezo, lile linalowatambulisha waliohojiwa, libaki katika vipimo vya asili siku zote. Shilingi zibaki shilingi, kilo zibaki kilo, siku zibaki siku. Namba za logi zina nafasi yake katika jedwali la modeli, na hata huko ziende na tafsiri yake.

Wachuuzi tisa

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezibuni ili uweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu. Wachuuzi tisa wa mboga wanasema mauzo yao ya jana yalikuwa shilingi 400, 500, 600, 800, 1,000, 1,200, 1,500, 3,000 na 18,000. Yule wa mwisho anauzia mahoteli.

Jumla ni 27,000, hivyo wastani wa kawaida ni shilingi 3,000. Tazama tena orodha: saba kati ya tisa hawaufikii wastani huo, na mmoja anaugusa tu. Mkengeuko sanifu ni 5,680. Ukiandika "3,000, mkengeuko sanifu 5,680", msomaji makini atatoa moja kwenye nyingine na kupata mauzo ya hasi 2,680. Hakuna kibanda kinachouza chini ya sifuri. Hii ni ishara ya haraka ambayo unaweza kuitumia kukagua jedwali lolote: kigeu kisichoweza kwenda chini ya sifuri kikiwa na mkengeuko mkubwa kuliko wastani wake, jua kuna mkia mrefu, na jozi ya wastani na mkengeuko haitoshi kukieleza.

Thamani ya katikati, ukiwapanga wachuuzi kutoka wa chini hadi wa juu, ni 1,000. Robo ya kwanza ni 600 na robo ya tatu ni 1,500. Sentensi inayosema "thamani ya katikati ya mauzo ilikuwa shilingi 1,000, na nusu ya wachuuzi waliangukia kati ya 600 na 1,500" ni sentensi ambayo mchuuzi mwenyewe angeitikia kwa kichwa. Ongeza kiwango cha chini na cha juu kabisa, 400 na 18,000, ili yule wa mahoteli asipotee. Kwa kigeu chenye mkia, haya ndiyo maelezo ninayoyataka yatangulie.

Hapa pana jambo dogo linalowatesa watu. Robo hizo mbili nimezipata kwa kanuni inayotumiwa na Excel na R zisipoelekezwa vingine. SPSS, kwa kanuni yake ya kawaida, itakupa 550 na 2,250 kwa wachuuzi hao hao. Hakuna iliyokosea. Kuna njia kadhaa za kukata robo, na sampuli ikiwa ndogo hutofautiana waziwazi. Taja programu uliyotumia, usije ukatuhumiwa kupika namba.

Sasa tugeuze. Logi ya msingi wa 10 ya 400 ni 2.602, ya 1,000 ni 3, ya 18,000 ni 4.255. Ukizijumlisha zote tisa na kugawanya unapata 3.108, na mkengeuko sanifu wa logi hizo ni 0.505. Hizo ndizo 3.11 na 0.51 za mwanafunzi wetu.

Safari ya kurudi

Kuirudisha 3.108 unainua 10 kwa kipeo cha 3.108. Jibu ni shilingi 1,282. Namba hii ina jina lake, wastani wa kijiometri, na jina hilo lazima uliandike. Usiuite "wastani" tu, maana wastani wa kawaida wa wachuuzi hawa tumekwisha kuuona kuwa 3,000. Mtu akisoma "wastani, shilingi 1,282" atadhani ni ule wa kujumlisha na kugawanya, na ukimpa jumla ya wachuuzi azidishe, atapotea kabisa. Wastani wa kijiometri kwa kawaida hukaa karibu na thamani ya katikati data ikiwa na mkia wa kulia, na ndiyo maana unapendwa. Katika utafiti wa malaria, msongamano wa vimelea kwenye damu huripotiwa hivyo mara kwa mara, kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vimelea mara elfu zaidi ya jirani yake.

Mkengeuko sanifu ndio unaowaangusha wengi. Ukiinua 10 kwa kipeo cha 0.505 unapata 3.2. Nimesoma tasnifu iliyoandika kwamba mkengeuko ulikuwa "shilingi 3.20". Sivyo. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kwa hiyo ukirudi, kilichokuwa cha kujumlisha kinakuwa cha kuzidisha. Hiyo 3.2 haina shilingi ndani yake, ni "mara 3.2". Inaitwa mkengeuko sanifu wa kijiometri, nayo hutumiwa kwa kugawanya na kuzidisha: 1,282 gawanya kwa 3.2 ni karibu 400, 1,282 mara 3.2 ni karibu 4,100. Masafa hayo, kutoka 400 hadi 4,100, yanafanana na vibanda tunavyovijua. Alama ya kujumlisha na kutoa usiiweke hapo kamwe.

Mwaka 1996 Martin Bland na Douglas Altman, waliokuwa wakiandika maelezo mafupi ya takwimu katika British Medical Journal, walilieleza suala hili kwa madaktari: wastani wa logi unaweza kuurudisha, mipaka ya uhakika unaweza kuirudisha, lakini mkengeuko sanifu haurudi ukawa mkengeuko sanifu wa vipimo vya awali. Hata ukiuinua vipi, shilingi 5,680 hazitatoka ndani ya 0.505. Ukizihitaji, zihesabu moja kwa moja kutoka kwenye data ya awali.

Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 irudishwe ncha zote mbili, kila moja peke yake. Kwa wachuuzi wetu, kwenye logi mipaka ni 2.719 na 3.496. Ukirudi ni shilingi 524 na 3,135. Angalia umbali kutoka 1,282: kushuka ni 758, kupanda ni 1,853. Mipaka haina ulinganifu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwanafunzi akiniletea mipaka iliyolingana pande zote mbili baada ya kugeuza, najua alirudisha upana wake badala ya ncha zake.

Ukilinganisha makundi mawili, logi inakupa zawadi ambayo mageuzi mengine hayatoi. Tuseme wastani wa logi wa wachuuzi wa Ruiru unazidi wa Thika kwa 0.176. Tofauti hiyo ukiirudisha ni 1.5, na maana yake iko wazi: mauzo ya Ruiru, kwa wastani wa kijiometri, ni mara moja na nusu ya Thika, yaani yamezidi kwa asilimia 50. Usiandike "yamezidi kwa shilingi 1.5". Tofauti ya logi hurudi ikiwa uwiano, na mipaka yake ya uhakika nayo hurudi kama uwiano.

Logi gani?

Andika msingi wa logi yako. Neno "logi" peke yake halitoshi, na programu zenyewe hazikubaliani. Katika Excel, LOG bila maelezo mengine ni ya msingi wa 10. Katika R na Stata, log ni logi asilia. SPSS imezitenganisha, LG10 na LN. Mtu akipewa 3.108 yetu akadhani ni logi asilia, atairudisha na kupata shilingi 22. Na kama tungetumia logi asilia wastani ungekuwa 7.156, mtu akiuchukulia kuwa wa msingi wa 10 atapata zaidi ya shilingi milioni 14 kwa siku. Neno moja kwenye maelezo chini ya jedwali linazuia yote hayo.

Sifuri ndiyo fundo gumu zaidi, na hapa naomba uende polepole. Sifuri haina logi. Mchuuzi wa kumi anapokwambia jana hakuuza kitu, maana mvua ilinyesha kutwa, programu inaweza kumwacha nje, na sampuli yako ikapungua kutoka kumi hadi tisa. Basi kwanza hesabu idadi kabla na baada ya kugeuza, na zote mbili ziandike.

Dawa inayojulikana ni kuongeza 1 kwa kila mtu kabla ya kugeuza, kisha kutoa 1 baada ya kurudi. Wengi huitumia bila kuijaribu. Tuijaribu. Kwa wachuuzi kumi, mauzo yakiwa katika shilingi, ukiongeza 1, ukageuza, ukarudi na kutoa 1, unapata shilingi 626. Sasa andika mauzo yale yale kwa maelfu, yaani 0.4, 0.5, 0.6 na kuendelea, kisha ufanye vile vile. Unapata 1.346, sawa na shilingi 1,346. Wachuuzi ni wale wale, siku ni ile ile, na jibu la pili ni zaidi ya mara mbili ya la kwanza. Tena limepita hata 1,282 tuliyopata kabla ya kumwingiza mtu aliyeuza sifuri! Ile 1 ni senti za chenji ukiwa kwenye shilingi, lakini kwenye maelfu ni mauzo ya siku nzima ya mama mboga wa katikati.

Kwa hiyo ukiongeza namba yoyote, itaje pamoja na kipimo chake, kisha urudie hesabu kwa namba nyingine na useme kama hitimisho lilibadilika. Kama sifuri ni nyingi, zitenge: ripoti asilimia ya wachuuzi ambao hawakuuza, halafu eleza mauzo ya waliouza. Hao ambao hawakuuza wana habari yao, na mara nyingi ndiyo habari kubwa ya utafiti wako.

Wastani upi kwa swali lipi

Tuseme ofisi ya kaunti imekuomba ukadirie fedha zinazozunguka sokoni kwa siku. Ukizidisha wachuuzi tisa kwa wastani wa kawaida unapata 27,000, ambayo ndiyo jumla halisi. Ukizidisha kwa wastani wa kijiometri unapata 11,538. Zaidi ya nusu ya fedha za soko zimetoweka. Vivyo hivyo kwa anayepanga vitanda katika hospitali ya Thika Level 5: siku za kulazwa zinaweza kuwa na mkia mrefu na logi ikafaa kwa modeli, lakini vitanda vinavyohitajika hupatikana kwa wastani wa kawaida mara idadi ya wagonjwa. Palipo na bajeti, jumla, chakula au dawa za kununuliwa, wastani wa kawaida uwepo kwenye jedwali hata kama unauona mbaya. Na ukitaka kuutoa kwenye modeli ya logi, kurudi tu hakutoshi. Unahitaji masahihisho, na njia iliyoenea ni ile aliyoieleza Naihua Duan mwaka 1983, inayotumia mabaki ya modeli kupandisha makadirio yaliyorudishwa.

Wakenya tuliwahi kuona kitaifa uzito wa kuchagua wastani upi utumike. Mwaka 2009 Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilipokuwa likikokotoa fahirisi ya bei za watumiaji, liliacha wastani wa kawaida na kuanza kutumia wastani wa kijiometri wa bei. Kiwango cha mfumuko wa bei kilichotangazwa kikashuka kwa kiasi kikubwa, ilhali mnunuzi alikuta unga dukani kwa bei ile ile. Njia ya kijiometri ilikuwa na sababu nzuri na hutumiwa na nchi nyingi. Hata hivyo, anayelinganisha namba za kabla na za baada bila kuambiwa kwamba kipimo kimebadilika atadhani maisha yamekuwa nafuu. Tasnifu yako ni ndogo kuliko hiyo, lakini msomaji wako naye ana haki ya kuambiwa.

Mageuzi mengine

Kipeuo cha pili hutumiwa kwa hesabu za vitu: idadi ya wadudu kwenye jani, idadi ya matunda yaliyooza. Kurudi ni kuinua wastani kwa kipeo cha pili, na ncha za mipaka ya uhakika hivyo hivyo. Tofauti kati ya makundi mawili, hata hivyo, hairudi ikawa kitu chenye maana. Ukiinua tofauti ya vipeuo kwa kipeo cha pili hupati tofauti ya wadudu. Rudisha wastani wa kila kundi, uziweke namba hizo bega kwa bega, na uache hapo.

Kwa wanaofanya kazi za kilimo, hasa walio karibu na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ya Ruiru, kuna geuzi la asilimia. Ruiru ndiko ilikotoka Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili ihimili ugonjwa wa chulebuni. Majaribio ya namna hiyo huhesabu asilimia ya matunda yaliyoambukizwa, na kwa mapokeo marefu watafiti wa mimea duniani kote hugeuza asilimia kuwa pembe, kwa kutafuta pembe ambayo saini yake ni kipeuo cha pili cha uwiano. Jedwali linalosema "maambukizi 26.6" bila kusema ni nyuzi za pembe linapotosha, kwa sababu nyuzi 26.6 ni asilimia 20 tu ya matunda. Ukikuta namba hizo katika tasnifu za zamani, inua saini ya pembe kwa kipeo cha pili ndipo uzilinganishe na zako. Kwa kazi mpya, nakushauri usiingie huko. Mwaka 2011 Warton na Hui, katika jarida la Ecology, walieleza kwa nini rigresheni ya lojistiki huhudumia uwiano vizuri zaidi, na inakuachia asilimia zako zikiwa asilimia.

Kinyume, yaani 1 gawanya kwa kigeu, hupindua mpangilio: mkubwa huwa mdogo. Lisemwe hilo waziwazi, la sivyo alama ya kujumlisha itasomwa kama ya kutoa. Wastani unaorudi ni wa kiharmoniki, na wenye magari wanaujua bila kuuita jina. Matatu ikitoka Ruiru hadi Thika kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 30, kasi yake kwa safari nzima ni 40, wala si 45.

Ukitumia mbinu ya Box na Cox ya mwaka 1964, ambayo huiachia data ichague kipeo, na ikakupa 0.07 au 0.46, zungusha hadi kipeo kinachoelezeka: sifuri, ambacho ni logi, au nusu, ambacho ni kipeuo cha pili. Usahihi unaopoteza ni mdogo, na faida ni kwamba utaweza kurudi.

Alama sanifu nazo huharibu majedwali bila sababu. Ukishatoa wastani na kugawanya kwa mkengeuko, wastani mpya ni 0 na mkengeuko ni 1. Kuziripoti hizo ni kuripoti hesabu uliyoifanya mwenyewe. Hali ni tofauti pale alama zinapopimwa dhidi ya kipimo cha nje, kama urefu wa watoto kwa umri ukilinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Hapo wastani wa alama hubeba habari, na aliye chini ya hasi 2 huhesabiwa kuwa amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wakiwa katika hali hiyo. Ona pia jinsi habari hiyo ilivyotangazwa kwa umma: kwa asilimia ya watoto, lugha ambayo mzazi yeyote anaielewa.

Sentensi za kuazima

Katika sura ya tatu, ya mbinu, andika ulichofanya na sababu yake: "Mauzo ya siku yaligeuzwa kwa logi ya msingi wa 10 kwa sababu mabaki ya modeli yalikuwa na mkia wa kulia. Hakuna namba iliyoongezwa kabla ya kugeuza. Mchuuzi mmoja ambaye hakuuza ameripotiwa kando." Katika sura ya nne: "Thamani ya katikati ya mauzo ilikuwa shilingi 1,000 (robo ya kwanza 600, robo ya tatu 1,500, chini kabisa 400, juu kabisa 18,000). Wastani wa kawaida ulikuwa shilingi 3,000. Wastani wa kijiometri ulikuwa shilingi 1,282, mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ikiwa 524 hadi 3,135." Chini ya jedwali la modeli weka mstari mmoja unaosema vigawo viko kwenye logi ya msingi gani, na kando ya kila kigawo weka uwiano wake uliorudishwa.

Utaona nimeacha wastani wa aina mbili katika aya moja. Wapo wasimamizi watakaosema ni mrundikano. Mimi naona pengo kati ya 1,282 na 3,000 linamweleza msomaji juu ya soko lile kuliko namba yoyote moja: kwamba mauzo hayakugawanyika sawa, na kwamba mtu mmoja amebeba theluthi mbili ya fedha zote.

Taarifa za logi zenyewe, zile 3.108 na 0.505, zina kazi moja zaidi. Mtafiti atakayekusanya tafiti kadhaa na kuzijumuisha atazihitaji. Ziweke kwenye kiambatisho, pamoja na msingi wa logi na idadi ya waliohesabiwa.

Kabla hujapeleka sura kwa msimamizi, chukua jedwali lako hadi kwa mmoja wa watu waliokupa namba hizo. Msomee mstari mmoja kwa sauti, kwa shilingi au kwa kilo. Akikuuliza "hizo ni za nani?", rudi kwenye kompyuta. Na unapounda safu mpya ya logi, tafadhali ipe jina jipya na uiache ile ya shilingi mahali pake. Nimekutana na watu walioandika logi juu ya data ya awali, wakasahau ni logi gani na waliongeza ngapi, na hawakuwa tena na njia ya kurudi.